Siku kumi Ugiriki: kutoka mawe ya Olympia hadi marumaru ya Athens

Nimerudi Mbulu, na hii ni wiki ya tatu. Daftari la safari limejaa maandishi ya penseli, simu ina picha zaidi ya mia sita, na nyingi ni za mawe. Walimu wenzangu wa zamani wananiuliza kila tukikutana sokoni, basi nimeketi nikayapanga yote kwa siku zake. Palipo na bei nimeandika kama nilivyolipa.

Kwanza sababu. Nimefundisha michezo shule za msingi kwa miaka 33, na mtu aliyezaliwa Mbulu akafundisha riadha hawezi kumpita John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico City, alianguka katikati ya marathoni akaumia goti. Watu 75 walianza mbio zile, 57 wakamaliza, na Akhwari ndiye aliyekuwa wa 57, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Habari hii niliwasimulia watoto kila mwaka kabla ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, na saa yangu ya kupimia mbio sikuizima mpaka mtoto wa mwisho avuke mstari, hata wenzake wawe wameshavaa viatu.

Nilichotaka kukiona kwa macho ni huko mambo haya yalikoanzia. Wagiriki wa kale wangemfanyia nini Akhwari? Na mimi mwalimu mwanamke, wangeniweka wapi? Kiinua mgongo kilipotoka nilitenga fungu. Binti wa marehemu dada yangu, ambaye ni muuguzi Ujerumani, ndiye aliyenimalizia mawazo kwa simu moja: "Mama mdogo, nimejiandikisha marathoni ya Athens. Njoo unisubiri mwishoni."

Kwa watakaofuata: ada ya viza ya Schengen ilikuwa euro 90, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Maombi yangu yalirudishwa mara moja kwa sababu ya barua ya benki iliyokosa muhuri, nikapoteza wiki tatu. Anza mapema, miezi mitatu kabla kama unaweza.

Ijumaa, 1 Novemba: Athens

Niliondoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) jana yake, nikabadilisha ndege Doha, nikatua mchana. Mwezi Novemba saa za Ugiriki ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu, hivyo mwili haukusumbuka. Binti alikuwa amefika kabla yangu, akanisubiri na koti zito alilonunua mtumbani. Kutoka uwanja wa ndege metro ni euro 9, na basi la X95 hadi Syntagma ni euro 5.50, usiku na mchana. Tulipanda basi. Siku zile euro moja ilikuwa kama shilingi 2,900. Mimi nilizidisha kwa elfu tatu kila mara ili nisijidanganye.

Chakula cha kwanza kilikuwa fasolada: maharage meupe yaliyochemshwa na karoti, nyanya na mafuta mengi ya zeituni, pamoja na mkate. Euro 7 kwa bakuli. Mtu aliyelelewa kwa maharage atajisikia nyumbani.

Jumamosi, 2 Novemba: Athens hadi Olympia

Mabasi ya kwenda magharibi ya Peloponnese, rasi kubwa ya kusini, yanaondokea stendi ya Kifissos. Unafika huko kwa basi la mjini namba 051 kutoka karibu na Omonia, tiketi euro 1.20 inayodumu dakika 90. Basi la asubuhi lilikuwa limejaa, tukakaa stendi hadi mchana. Nauli hadi Pyrgos ilikuwa kama euro 30 kwa mtu.

Mfereji wa Korintho ulipita dirishani kwa sekunde chache. Baada ya hapo bahari ilitufuata upande wa kulia mpaka tukaliona daraja la Rio, lile lililofunguliwa Agosti 2004, na waliolivuka mwanzo kabisa walikuwa wakimbizaji wa mwenge wa Olimpiki ya Athens. Mzee aliyekaa mbele yetu aliposimulia jambo hilo, nikamweleza kwamba nasi tuna mwenge unaozungushwa nchi nzima kila mwaka, na kwamba ule wa kwanza uliwashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa uhuru, 1961. Alivua kofia yake na kuniomba nirudie jina la mlima.

Kutoka Patras hadi Pyrgos hazifiki kilomita 100, lakini barabara ya zamani ilikuwa na njia moja kila upande, malori yalikuwa mengi, na ujenzi wa barabara mpya ulibana kila mahali. Tulifika Pyrgos usiku na basi la mwisho la Olympia limeshaondoka. (Jumamosi na Jumapili mabasi hayo ni machache sana, uliza saa kabla hujatoka Athens.) Mwenye kibanda cha magazeti aliona tunavyogeukageuka na mabegi. Akaomba namba ya nyumba yetu ya wageni, akapiga simu yake mwenyewe, na baada ya nusu saa kijana wa nyumba hiyo akaja na gari dogo kutuchukua kilomita 20. Hela ya mafuta aliikataa. Mama yake alitusubiri mlangoni na kisahani cha tunda lao moja linalofanana na pera kubwa, limepikwa na sukari hadi likawa jekundu, na glasi ya maji baridi. Mgeni hulishwa kitamu kwanza, maswali baadaye.

Jumapili, 3 Novemba: Olympia

Jumapili ya kwanza ya mwezi, kuanzia Novemba hadi Machi, maeneo ya kale ya serikali Ugiriki hayalipiwi. Sisi tuliangukia siku hiyo bila kupanga, ila wewe unaweza kupanga. Majira hayo wanafunga saa tisa na nusu alasiri, kwa hiyo ingia asubuhi.

Nilitegemea mlima, jangwa, kitu kikali. Olympia ni bonde la kijani, mito miwili, Alpheios na Kladeos, misonobari na mizeituni, na kilima kidogo cha Kronos kimekaa kama mtu anayeangalia watoto wakicheza. Ukiingia unapita mahali pa mazoezi, kisha karakana ambamo Pheidias alitengeneza sanamu ya Zeus, mungu wao mkuu, ya dhahabu na pembe za ndovu, yenye urefu wa zaidi ya mita 12. Sanamu haipo. Hekalu lake liliangushwa na matetemeko ya ardhi, na nguzo zimelala chini kama mgomba uliokatwa vipande, kila kipande kinanipita kimo.

Kabla ya kuingia uwanjani, upande wa kushoto, kuna safu ya misingi 16 ya mawe. Hapo zilisimama sanamu za shaba za Zeus zilizonunuliwa kwa faini za wanamichezo walaghai. Sita za kwanza ni za mwaka 388 kabla ya Kristo, baada ya bondia Eupolos wa Thessaly kuwahonga wapinzani wake. Waliziweka hapo makusudi, ili kila anayekwenda kushindana apite mbele ya aibu za wenzake. Nilimkumbusha binti kwamba mwaka 2004 mashindano ya kurusha tufe ya Olimpiki ya Athens yaliletwa humu humu, kwa heshima ya pahali, na wanawake wakashindana pia. Mshindi wa wanawake alivuliwa medali kwa kutumia dawa, ikaenda kwa Yumileidi Cumbá wa Kuba. Mshindi wa wanaume naye alikuja kuvuliwa miaka minane baadaye, na medali ikamfikia Adam Nelson wa Marekani. Wote wawili walipita mbele ya misingi ile.

Kisha njia yenye tao la mawe, na uwanja.

Nikiri kwamba nilisimama muda bila kusema. Hakuna majukwaa. Ni kiwanja kirefu cha udongo kati ya kingo mbili za nyasi, walipokaa watu wanaokadiriwa kufikia 45,000. Mstari wa kuanzia bado upo: ukanda wa mawe meupe ardhini, umechongwa mifereji miwili myembamba ya kushikia vidole vya miguu. Nilivua viatu, nikaweka vidole. Jiwe lilikuwa baridi na limelainika. Kwa hesabu inayokubalika michezo ilianza mwaka 776 kabla ya Kristo, na mashindano yalikuwa mbio moja tu, kutoka mwisho huu hadi ule, mita 192.27. Mshindi wa kwanza anayejulikana kwa jina, Koroibos wa Elis, alikuwa mpishi.

Binti alikwenda upande wa pili, mimi nikabaki mwishoni na saa yangu. Alikimbia viatu mkononi. Sekunde 47. Ni hapo nilipofikiria jambo ambalo sikuwahi kuliwaza darasani: Wagiriki wale hawakuwa na saa ya kupima mbio. Hawakuandika muda wa mtu yeyote. Walichojua ni nani amefika mbele, basi. Wa pili hakupewa kitu, wa tatu hakutajwa. Mshindi alipewa shada la majani ya mzeituni, kwao akapokewa kama mfalme. Aliyeshindwa, mshairi Pindaros anasema, alirudi nyumbani kwa kupitia vichochoro, akiwakwepa adui zake. Nilitazama mita zile 192 na kumfikiria Akhwari na bendeji yake gotini. Humu ndani hakuna ambaye angemsubiri.

Kwenye ukingo wa kaskazini kuna madhabahu ndogo ya mawe. Wanawake walioolewa walikatazwa kuingia wakati wa michezo, isipokuwa mmoja, kuhani wa mungu wa kike Demeter, aliyekaa hapo akitazama. Wasichana walikuwa na mbio zao wakati mwingine, kwa heshima ya Hera, mke wa Zeus, na njia ikafupishwa kwa sehemu moja ya sita. Kyniska wa Sparta alishinda mbio za magari ya farasi mwaka 396 na tena 392 kabla ya Kristo, kwa kuwa tuzo ilikwenda kwa mwenye farasi. Yeye hakuhitaji kuwepo. Nilikaa kwenye nyasi karibu na madhabahu ile nikala mkate na jibini, na mlinzi akaniacha hata alipoona nimemaliza na bado nimekaa.

Jumatatu, 4 Novemba: bado Olympia

Tulilipa euro 6, tiketi moja kwa eneo zima na makumbusho. Wakati huo majira ya joto ilikuwa zaidi, na nasikia bei zimepanda tangu hapo. Usikose makumbusho. Kuna jiwe la kilo 143.5 lenye maandishi ya kujisifu kwamba Bybon alilirusha juu ya kichwa chake kwa mkono mmoja. Kuna vyuma na mawe ya kushika mikononi wakati wa kuruka. Na kuna kofia ya vita ya shaba, imeoza pembeni, yenye jina la Miltiades, jemadari wa Waathens katika vita vya Marathon dhidi ya Waajemi, aliyoitoa sadaka kwa Zeus. Binti alipiga picha nayo kwa kuwa Jumapili ijayo angekimbia kutoka uwanja wa vita wa mtu huyo.

Mbele ya hekalu la Hera ndipo moto wa Olimpiki unapowashwa kwa kioo kinachokusanya jua. Kuukimbiza kutoka hapa kulianza mwaka 1936, kwa ajili ya michezo ya Berlin. Nje kidogo ya mji kuna nguzo ya ukumbusho ambamo umezikwa moyo wa Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyehimiza michezo hii ifufuliwe. Mwili uko Uswisi.

Jumanne, 5 Novemba: Pyrgos hadi Korintho

Siku ya basi. Tulishuka kituo cha Isthmos kando ya mfereji, tukakodi teksi kwenda Isthmia na kukuta pamefungwa: Jumanne hawafungui, na Nemea vivyo hivyo. Andika hilo. Euro 24 za teksi kwenda na kurudi zilitupa uzio wa waya na mbwa mmoja mpole.

Hata hivyo nilisimama kwenye uzio ule. Hapa ndipo palipofanyika michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, mwendo mfupi kutoka mji wa Korintho, na Paulo aliishi mji huo mwaka mmoja na nusu. Alipowaandikia Wakorintho kuhusu washindanao kwa kupiga mbio, kwamba wote hukimbia na mmoja ndiye apokeaye tuzo, alikuwa akiwaambia jambo walilolijua kwa macho yao. Na taji iharibikayo haikuwa mfano wa kubuni: Isthmia walivikwa majani ya msonobari, na kwa kipindi fulani majani makavu ya seleri. Nimeyasikia maneno hayo kanisani tangu utotoni. Pale kwenye waya, misonobari ikinukia, niliyasoma upya kwenye simu, na binti akanishika mkono kwa sababu upepo ulikuwa mkali.

Usiku tulilala Korintho. Souvlaki, mishikaki yao, katika mkate, euro 4.50.

Jumatano, 6 Novemba: Nemea

Kutoka Korintho mwambie dereva akushushe Nemea ya kale, kabla ya mji wa Nemea, la sivyo utatembea zaidi ya kilomita nne. Ni nchi ya mizabibu. Mavuno yalishapita, majani yalikuwa mekundu na ya njano hadi vilimani, na kila shamba la mizeituni lilikuwa na watu wakipiga matawi, nyavu zimetandikwa chini.

Ukilinganisha na Olympia, Nemea haina watu. Tulikuwa sisi wawili na mwalimu mmoja Mgiriki na watoto kama ishirini. Uwanja una urefu wa mita 178, na unaingia kwa njia ya chini ya ardhi, mita 36, yenye dari la mawe la mviringo, iliyofukuliwa na kikosi cha Stephen Miller wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwenye kuta wanamichezo waliokuwa wakisubiri kuitwa walichora majina. Mmoja ameandika kwamba Akrotatos ni mzuri, mwingine akaongezea pembeni, "kwa aliyeandika." Watoto walicheka walipotafsiriwa, nami nikawasikia wanafunzi wangu wa darasa la saba nyuma ya choo cha shule. Michezo ya hapa ilikuwa ya kumkumbuka mtoto mchanga, Opheltes, aliyeuawa na nyoka, na kwa hiyo waamuzi walivaa nguo nyeusi za msiba.

Yule mwalimu ndiye aliyenieleza lililonifurahisha zaidi. Tangu mwaka 1996 wenyeji na wapenzi wa Nemea wameifufua michezo yake. Anakimbia yeyote, mwanamke kwa mwanamume, mtoto kwa mzee, peku na kanzu fupi nyeupe, hakuna medali wala rekodi. Yeye mwenyewe alikimbia na mama yake mzazi siku moja. Nilimwonyesha saa yangu ya kupimia nikamwambia habari za mtoto wa mwisho. Aliitia mkononi, akaibonyeza, akairudisha kwa mikono miwili.

Basi la kurudi halikutokea. Tulikaa barabarani saa nzima na nusu, kijua kikishuka. Mwenye pikapu iliyojaa kreti za zeituni alisimama, akamhamisha mbwa wake nyuma, tukabanana watatu mbele hadi Korintho. Hakujua Kiingereza, sisi hatukujua Kigiriki. Aliuliza "Afriki?", nikasema Tanzania, akawaza, kisha akapiga usukani: "Kilimantzaro!" Tuliposhuka alitupa mfuko wa zeituni mbichi. Usizile hivyo hivyo, ni chungu kuliko mwarobaini, hulowekwa kwanza.

Alhamisi, 7 Novemba: kurudi Athens

Treni ya kitongoji kutoka Korintho ni chini ya euro 10 na haichelewi kama mabasi. Namba ya mkimbiaji huchukuliwa Faliro, katika ukumbi uliotumika kwa taekwondo mwaka 2004. Nenda na pasi ya kusafiria. Foleni ilikuwa ndefu ila ilisogea.

Ijumaa, 8 Novemba: Marathon

Basi la kwenda Marathon huondokea karibu na bustani ya Pedion Areos. Kilima cha makaburi cha Waathens 192 waliokufa katika vita vya mwaka 490 kabla ya Kristo ni tuta la udongo lenye nyasi, kimya, kati ya mashamba. Nilikuja hapa kwa ajili ya mtu mwingine.

Mwaka 1896 Olimpiki ilipofufuliwa Athens, mbio kutoka Marathon zilipendekezwa na Mfaransa Michel Bréal, na alishinda Spyridon Louis, mchota maji wa Marousi, akawa shujaa wa taifa. Mshindi alipata medali ya fedha na tawi la mzeituni, wa pili akapata shaba, wa tatu bado hakupata kitu. Lakini kuna mwanamke, Stamata Revithi, maskini mwenye mtoto mdogo, aliyefika Marathon kwa miguu akitaka kukimbia. Walimkatalia. Siku iliyofuata, wanaume wamekwisha shangiliwa, alianza peke yake saa mbili asubuhi akakimbia kilomita zipatazo 40 hadi Athens, akafika saa saba na nusu mchana. Uwanjani hawakumruhusu kuingia. Kabla ya kuondoka Marathon alikuwa amewaomba watu watatu watie saini karatasi ya kushuhudia saa aliyoanza: meya, hakimu, na mwalimu wa kijiji.

Mwalimu wa kijiji. Nilisoma jambo hilo miaka mingi iliyopita na sikulisahau. Baada ya siku ile habari za Revithi zinakatika. Wanawake hawakupewa marathoni ya Olimpiki mpaka Los Angeles, 1984. Miaka 20 baadaye, mwaka 2004, waliikimbia kwa njia hii hii, wakaingia uwanja ule ule aliozuiwa Revithi: Mizuki Noguchi wa Japani wa kwanza, na Catherine Ndereba wa Kenya wa pili, sekunde chache nyuma yake.

Njia ni ngumu kuliko inavyosemwa. Tuliitazama vizuri kwa dirisha la basi: tambarare mwanzoni, kisha kupanda kuanzia kama kilomita ya 10 hadi ya 31. Binti alinyamaza hadi mjini.

Jumamosi tulipumzika.

Jumapili, 10 Novemba: Kallimarmaro

Mabasi ya wakimbiaji huondoka katikati ya mji kabla hapajakucha. Nilimfunga binti namba kifuani kwa pini nne, nikampaka mafuta mabegani, akaenda. Nilirudi kitandani nikashindwa kulala. Saa tatu kamili asubuhi, mbio zinapoanza, niliiwasha saa yangu.

Kwa watazamaji: barabara nyingi za katikati hufungwa, na kuvuka ni kazi. Nilizungushwa mara mbili na polisi wenye adabu, na nilipofika uwanjani mshindi alikuwa ameshapita. Kaa upande wa kulia ukiingia, jua litakuwa mgongoni. Chukua kitu cha kukalia, marumaru hunyonya joto lote la mwili.

Uwanja wa Panathenaic wenyewe Wagiriki wanauita Kallimarmaro, marumaru nzuri, na umeinama kama kiatu cha farasi kati ya vilima viwili. Kwa michezo ya 1896 ulitengenezwa kwa fedha za Georgios Averoff, mfanyabiashara Mgiriki aliyetajirikia Aleksandria, Misri. Medali zote za Olimpiki za majira ya joto tangu 2004 zina picha ya uwanja huu upande mmoja. Kila Mkenya, kila Mganda, kila Mwethiopia aliyevikwa medali tangu mwaka huo ameubeba shingoni. Sisi medali zetu mbili, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, ni za Moscow 1980, na naomba Mungu nizione nyingine kabla sijafa.

Saa zikaenda. Kando yangu alikaa bibi mmoja na mjukuu wake, wakinigawia karanga na kahawa ya kwenye chupa. Binti aliingia saa tisa na robo alasiri, uso mweupe kwa chumvi, akichechemea kidogo, mkononi ameshika kitawi cha mzeituni. Huko vijijini karibu na Marathon wenyeji huwapa wakimbiaji matawi hayo njiani, naye alikibeba zaidi ya kilomita 30. Nililia, na bibi yule akalia pamoja nami. Alipopanda hadi nilipo, blanketi la karatasi ya fedha mabegani, aliniambia, "Mama mdogo, twende, nimekufa kwa baridi."

Nikamvisha koti langu, nikamwambia tusubiri. Alijua kwa nini. Alilaza kichwa mapajani mwangu.

Wakimbiaji hupewa muda wa saa nane tangu kuanza. Baada ya saa kumi jioni walikuja mmoja mmoja: wawili walioshikana mikono, kijana anayemsukuma mwenzake mwenye ulemavu kwenye kiti, mama mnene anayetembea huku anaongea na simu, pengine na watoto wake. Majukwaa yalibaki karibu matupu, wafanyakazi wakaanza kukunja mabango. Jua lilishuka nyuma ya miti ya bustani. Kisha kwa muda mrefu njia ikawa tupu, na nikadhani ndiyo basi.

Akaja mwanamume wa rika langu au zaidi, kaptula ya bluu, mwili umelalia upande mmoja, kila hatua anaitafuta. Nyuma yake gari lenye taa linatembea taratibu. Nilisimama nikapiga vigelegele kwa nguvu zote za kifua changu, kama tunavyompokea bibi harusi, na marumaru ikairudisha sauti kutoka pande zote tatu. Bibi wa karanga alisimama. Mjukuu akasimama. Wafanyakazi waliweka mabango chini wakapiga makofi. Mzee aliinua uso, akatafuta sauti inatoka wapi, akainua mkono mmoja, na akavuka.

Niliizima saa. Ilisoma saa 7, dakika 48 na sekunde 20. Nikaiandika kwenye daftari, chini ya 47 ya Olympia, na binti akaweka kitawi chake katikati ya ukurasa.